Kitoto Ndani ya Mkate wa Wafalme

Jalpa, 10 Januari

Heriberto,

Huna haya wewe! Mama yako wa ubatizo, Hortensia, aliyekupakata padri akikumwagia maji, ndiye wa kumlipa sawa na kasichana kalikoingia karakana yako Krismasi, hakajui hata kutunga uzi?

Haya, u mzima? Mimi mzima, ila goti.

Hortensia alikuja Jumapili, akakaa jikoni kwangu mpaka kikombe cha chokoleti kikampoa mkononi. Hakukusema, mimi ndiye niliyemkamua. Eti serikali imepandisha kima cha chini cha mshahara, ukampandisha yule mgeni mpaka pale. Hortensia, anayeshona ngozi za viatu tangu wewe unatambaa, umemkuta palepale ukamwacha palepale. Serikali imesema usishuke. Nani kakukataza kupanda? Nijibu.

Bibi yako, Eulalia

León, 15 Januari

Shikamoo Bibi,

Pole na goti. Sisi hapa wazima.

Sikumpunguzia mtu hata senti. Mtaa mzima hufanya hivi: Desemba tunangoja serikali itaje kima, ikitaja tunawaweka wote hapo, fundi na mfagiaji. Hakuna anayekaa kupima nani anajua nini. Nikilipa zaidi, mnunuzi anahamia mlango wa pili.

Lakini Bibi, roho inanisuta. Siku ya Wafalme tulikata mkate pale karakana, na kitoto cha plastiki kinachofichwa ndani kilikuwa kwenye kipande changu. Aliyekipata ndiye mwenye deni, kwa hiyo ni mimi wa kuwalisha wote tamale za unga wa mahindi, motomoto ndani ya maganda yake, tarehe mbili Februari. Nikakificha mfukoni. Mama Hortensia aliniona. Wasichana walipoanza, "Nani kakimeza? Atajifungua lini?", akacheka, akasema, "Ni mimi. Tamale nitaleta." Na mimi nikanyamaza.

Mjukuu wako, Heriberto

León, 22 Januari

Shikamoo Bibi,

Goti linaendeleaje? Hujanijibu. Heri ungenitukana.

Jana nilimwita mama Hortensia pembeni, nikamwambia nimempandishia mshahara. Akauliza, "Na Refugio? Na Chayo? Tumezeeka pamoja kwenye hizo mashine." Nikasema tuanze na yeye, kimyakimya. Akanitazama vilevile kama siku ya mkate. Amesema ataleta tamale, ataaga, hatarudi tena.

Nifanye nini?

Mjukuu wako, Heriberto

Jalpa, 25 Januari

Heriberto,

Goti liache. Nilinyamaza nione utafika wapi peke yako. Umefika kwenye kunong'ona.

Mnunuzi mwambie mishono ya wanawake hao haiachii. Akitaka inayoachia, huo mlango wa pili uko wazi.

Hortensia kaniomba sufuria kubwa. Nimemnyima. Tamale si zake.

Jumamosi uje hapa, ukande unga kwa mikono yako mwenyewe. Tarehe mbili, kabla mtu hajafungua ganda la tamale ya kwanza, weka kitoto mezani useme kilikuwa cha nani. Kisha Hortensia, Refugio na Chayo uwatajie mshahara wa ufundi wao, kwa sauti, na yule mgeni asikie, ajue kuna pa kufika. Hortensia akiondoka hata hivyo, mfungie tamale za njiani, na wenzake uwalipe vilevile.

Mafuta ya nguruwe ya kukandia unga lete wewe. Na usiniletee yale ya bei ya chini kuliko yote.

Bibi yako, Eulalia