Mzee, Tatizo Namba 58 Halijaisha

Mzee wangu Awadhi,

Shikamoo. Nimeandika hivyo kwa mazoea, halafu kalamu ikasimama, maana wa kuniitikia hayupo.

Nimekaa juu ya ndoo tupu ya rangi, ghorofa ya chini ya jengo letu, mgongo nimeuegemeza kwenye mlango wa lifti ya mizigo. Ni saa nane mchana. Nje Kariakoo inapiga kelele zake kama kawaida, mikokoteni na vipaza sauti, na mimi humu ndani nasikiliza kila gari linalosimama. Ufunguo wa kuwashia lifti nimeuficha ndani ya soksi yangu ya kushoto. Usinicheke. Mfukoni wangeuchukua, lakini sidhani kama kuna mwanamume atakayethubutu kumvua soksi binti wa watu mbele ya wabeba mizigo. Tatizo ni kwamba Mangi, mwenye jengo, ana ufunguo wake wa akiba, na amesema anakuja nao. Ninaogopa, Mzee. Nimeogopa tangu saa tatu asubuhi na woga haujapungua hata kidogo.

Leo ni siku ya kumi na tisa tangu tukuzike. Mkeo yuko eda, amekonda, lakini bado anauliza kama nimekula. Jengo limekwisha kupakwa ile rangi ya maziwa uliyoikataa. Ulisema, "Maziwa, Kariakoo? Mwezi mmoja tu itakuwa chai." Haijafika mwezi na kwenye ngazi tayari ni chai. Ufunguzi ni Jumamosi hii. Wapangaji hawakusubiri, walianza kuhamia wiki mbili zilizopita. Vitenge ghorofa ya pili, vyombo vya plastiki ya tatu, nguo za watoto ya nne. Mizigo yote inapanda na lifti hii, na wabeba mizigo wanapanda nayo, wamesimama katikati ya marobota.

Daftari lako liko kwangu. Mangi alitaka tulitupe siku ileile aliponunua ile programu ya simu ya kuandikia matatizo, yenye nyekundu, njano na kijani. Unakumbuka ulivyomjibu? "Kwani sisi trafiki?" Ukaendelea na kaunta buku lako lenye jalada jeusi, mistari uliyoipiga mwenyewe kwa rula. Namba. Tatizo. Aliyeliona. Mwenye nalo. Aliyelifunga. Siku yangu ya kwanza kazini chini yako niliandika "changamoto ya bomba" ukanikatia mstari mbele ya mafundi. "Changamoto ni maneno ya jukwaani, binti. Bomba linavuja. Andika linavuja." Nilikasirika siku nzima. Nilikuwa na cheti cha usimamizi wa miradi, na wewe ulikuwa na kikombe cha kahawa chungu na kashata mfukoni.

Ulinifundisha kwamba tatizo lina mwenye nalo mmoja tu, kwa sababu likiwa la wote litalala njaa. Na ulinifundisha lile la pili, ambalo mafundi walilichukia zaidi: aliyetengeneza hafungi. Anafunga aliyeliona, tena akishaliangalia kwa macho yake. Fundi atakuapia kwa mama yake kwamba bomba halivuji. Wewe ulikuwa unakwenda kuweka kiganja chini ya bomba.

Sasa nikuambie tulichofanya. Nimezunguka vya kutosha.

Siku ya mazishi yako, kabla jeneza halijanyanyuliwa, shemeji yako alisimama uani pale Ilala akatangaza kama ilivyo desturi: kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze, familia italibeba deni. Mimi nilikuwa ndani na akina mama, nimejifunga khanga ya mkeo kichwani, nikamsikia. Hakujitokeza mtu. Lakini Chande, foromani wetu, alilisikia lile tangazo kwa namna yake. Siku ya pili ya matanga alikuja na daftari lako, kalifunga kwenye mfuko wa rambo ili lisinyeshewe. Macho yamevimba. Akaninong'oneza pale mkekani, "Manka, Mzee kaondoka na matatizo saba hayajafungwa. Jina lake ndilo lililoandikwa kwenye aliyeliona. Tutamwachaje mtu wetu aende na deni?"

Mzee, wakati ule ilionekana ni jambo la haki kabisa. Wewe ndiye uliyeyaona, kwa hiyo ni wewe tu uliyeruhusiwa kuyafunga, na wewe ulikuwa umelala udongoni. Yangebaki wazi na jina lako milele. Chande alishayaandika yote saba "limekwisha". Ilibaki sahihi ya kufunga, kwa niaba yako. Aliniambia ameyashughulikia. Sikumuuliza kayashughulikiaje. Nilikuwa nalia, na kwenye msiba humuulizi mwenzio maswali ya kazini. Nikatia sahihi mara saba, nikaona tumekupunguzia mzigo. Usiku huo nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Leo asubuhi nilikuwa napitia daftari kwa ajili ya makabidhiano. Nikafika mstari wa 58. Mwandiko wako: "Lifti ya mizigo. Ikibeba nusu inasimama vizuri. Ikijaa inateleza, ghorofa ya tatu, shibiri moja. Breki ibadilishwe, kisha ijaribiwe ikiwa imejaa. Mtu asipande." Chini yake wino wa Chande, na chini ya wino wa Chande, sahihi yangu.

Nikamwita Chande. Nikamuuliza, kwa upole tu, "Siku ya majaribio mlipakia kiasi gani?" Akaanza kukuna ukucha wake. "Breki fundi kabadilisha, dada. Nilimwona." Nikarudia, "Mlipakia kiasi gani?" Akasema, "Hatukupakia."

Nikakaa kwenye ngazi. Pale pale lifti ikafunguka, wakatoka watu wanne na marobota yao, wanataniana kuhusu mpira. Nikahesabu kichwani. Wiki mbili. Kila siku asubuhi mpaka jioni.

Tuliwatoa watu wote. Mimi na Chande na vijana wawili wa rangi tukapakia mifuko ya saruji iliyobaki, maboksi ya taili, kila kitu kizito tulichokiona, mpaka tukafikia kiasi kilichoandikwa mlangoni. Tukaipeleka juu bila mtu ndani. Mimi na Chande tukapanda kwa ngazi, nikasimama ghorofa ya tatu na futi ya kupimia mkononi. Ikafika, mlango ukafunguka, sakafu yake sawasawa na sakafu yetu. Ikatulia. Chande akaanza kutabasamu. Nami nikavuta pumzi nikitaka kumshukuru Mungu, na ndipo ikaanza kushuka. Haikupiga kelele. Nilitegemea nitasikia chuma kikilalamika, nipate hata onyo, lakini ilishuka kimyakimya na mlango wake wazi. Shibiri. Goti. Kiuno. Halafu ikasimama yenyewe. Tukabaki tunaangalia ile nafasi nyeusi iliyobaki juu ya mifuko ya saruji. Chande alikaa sakafuni akajifunika uso kwa kofia yake, akalitaja jina lako mara mbili.

Nikazima, nikafunga, nikachukua ufunguo. Nikampigia Mangi.

Unamjua Mangi. Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Akaniita mdogo wangu, akaniuliza kama nimekunywa chai. Akasema, "Imeteleza, ikasimama yenyewe. Si ndiyo kusema breki inafanya kazi?" Nikasema hapana, kaka. Akasema, "Namba 58 imefungwa. Picha ya ukurasa ninayo kwenye simu. Sahihi ni ya nani, Manka?" Nikasema yangu. "Basi ukisema leo ni mbovu, unasema siku ile ulidanganya. Fikiria vizuri. Wewe ni mtoto wa nyumbani, sitaki uharibikiwe na maisha." Akasema anakuja kuiwasha mwenyewe, mpangaji wa ghorofa ya nne ana kontena linashushwa leo.

Na kweli nimefikiria, Mzee. Nitakuwa mwongo nikikuambia kwamba nilisimama imara. Nilikaa ofisini robo saa nzima nikitafuta namna ya kutoka humu bila jina langu kuchafuka. Nikafikiria kuandika kwamba breki imeharibika upya leo. Nani angejua? Chande angekubali. Nikamfikiria mama yangu kule Rombo, ambaye huwaambia watu kanisani kwamba binti yake anajenga maghorofa Dar es Salaam. Nikakufikiria wewe pia, na nikukirie kwamba nilikukasirikia. Kwa nini uliondoka ukaniachia hili? Ulipata homa Jumatatu, Alhamisi tunakuzika. Hata makabidhiano hatukufanya.

Nikashuka chini nikiwa bado sijaamua. Pale mlangoni pa lifti nikamkuta mmoja wa wabeba mizigo, yule mrefu tunayemwita Ngosha tangu alipokuwa akitubebea saruji. Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa juisi ya miwa. Yeye alikuwa anaangalia lile kufuli nililofunga. Akaniuliza, "Dada, imekataa tena?"

Nikamwambia sijakuelewa, tena vipi?

Akanyanyua mguu wa kulia akanionyesha kandambili yake. Ukanda umekatika na kufungwa kwa waya wa umeme, na kisigino kimeliwa. Jumamosi iliyopita alikuwa anatoka ghorofa ya tatu na robota begani, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Sakafu ikazama. Wenzake wakamvuta kwa fulana. Kandambili ikabaki imebanwa. Wakaivuta, wakacheka mpaka wakakaa chini, wakaendelea na kazi. Alinihadithia huku akicheka. Alipoona mimi sicheki akaacha.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu. "Tungemwambia nani, dada? Mzee hayupo."

Nilikuwepo, Mzee. Wiki zote hizi mbili nilikuwa hapo juu ofisini, mlango wazi, feni inazunguka, daftari mezani. Wakanipita kwenda na kurudi. Haikuwapitia kichwani kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa, na mimi sikushuka hata mara moja kuwauliza. Huyu mtu angeweza kukatika katikati, na mimi ningetoka kwenye kiti changu nikisema lakini limefungwa, ona, lina sahihi.

Nimelifungua daftari hapo hapo, juu ya goti. Nikakata mstari juu ya sahihi yangu kwenye namba 58, nikaandika pembeni, "Nilitia sahihi bila kuona. Manka." Wino umetapakaa, lakini panasomeka. Na yale mengine sita nimeyafungua vilevile. Samahani, yamerudi na jina lako, utayavumilia mpaka nimeyaona moja moja. Kisha nikafungua namba 84. Lifti ya mizigo inashuka ikiwa na mzigo, mlango wazi. Mwenye nalo nimeandika mimi. Kwenye aliyeliona nikaanza kuandika Ngosha, nikagundua kwamba mwezi wa tano huu namwita mtu jina wanaloitwa Wasukuma wote. Nikamuuliza jina lake. Anaitwa Masanja. Nikamweleza maana ya safu ile, kwamba tangu sasa Mangi hawezi kulifunga, wala fundi, wala mimi, mpaka yeye aiangalie ikiwa imejaa na aseme limekwisha. Akauliza, "Hata tajiri?" Nikasema hata tajiri. Akaliangalia jina lake pale kwenye karatasi kwa muda mrefu.

Nimeongea sana na muda hautoshi. Nakuahidi hiki tu: kiti changu kinashuka chini leo hii, kama nitakuwa bado nina kiti. Na Mangi akinifukuza, nitatoka na nakala ya ukurasa huu nikausome kwa kila mpangaji, ghorofa hadi ghorofa, kwa ngazi. Naogopa ninapoandika hivi, lakini nimeshaandika.

Mungu akulaze pema, Mzee wangu. Kahawa yako hakuna anayeiweza, tumeiacha. Nasikia gari la Mangi limesimama nje, na mlango wake umefungwa kwa nguvu. Nilimwambia Masanja aondoke asije akapoteza kibarua chake. Amekataa. Amevuta ndoo nyingine, amekaa pembeni yangu, naye ameegemea mlango wa lifti. Anasema yeye bado hajasema limekwisha.

Binti yako,
Manka