Sipelekwi Mkwiro

Bongwe, 2 Desemba 1963

Mpwa wangu Mwanapili,

Salamu zangu na za mamako Mwanaima zikufikie huko Nairobi kwenye baridi. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, ila goti langu halijaacha vituko vyake. Masomo ya posta yanaendeleaje?

Neno lenyewe ni hili. Chande wa Mkwiro, yule mwenye duka, ameleta posa yako. Ni mtu wa sala, na mkewe alifariki mwaka juzi. Baba yako yupo, lakini unatujua sisi Wadigo, neno la binti humalizwa na mjomba. Wazee wamesema nikuulize kwa barua. Ukikaa kimya hadi mwezi wa Ramadhani uandame, tutajua umeridhia, maana mwari haitiki kwa mdomo.

Mjombao,
Sefu

Bongwe, 18 Januari 1964

Mpwa wangu,

Saumu njema. Huku tunafunga na joto halina huruma. Mamako anakusalimu sana.

Mwezi umeandama na wewe hukuandika, basi tumekubali. Halwa ya Chande ililiwa usiku uleule wa mwandamo, kabla ya mfungo, na kanga zake ziko kwa mamako. Ndoa ni baada ya Idi. Omba ruhusa uje, nasi siku ya tatu tutakupeleka Mkwiro. Nilidhani shule itakutoa haya, kumbe imekuongezea! Nimefurahi.

Mjombao,
Sefu

Nairobi, 27 Januari 1964

Mjomba Sefu,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, moyo ndio unaochemka. Poleni na saumu, na pole ya goti.

Barua zako zote mbili nimezisoma jana. Nilikuwa Nakuru wiki saba nikijifunza kazi ya kaunta, na hii ya Desemba ikalala bwenini. Mjomba, mimi sikuridhia. Nilikuwa sijui! Na ningeisoma siku ileile ningesema hapana.

Mwalimu wetu, Bi Rispah, ametuandikia ubaoni maneno ya Kiingereza ya kutuma na kupeleka. Ni mengi ajabu. Barua ina neno lake. Mzigo unaopakiwa gari la moshi una lake. Karani anayehamishwa ana lake, mgeni anayefukuzwa nchini ana lake, na mjumbe anayekwenda kuwasemea wenzake ana lake. Nikamwuliza, na binti anayepelekwa kwa mume bila kuulizwa? Akautazama ubao, akanionyesha neno la mzigo. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka.

Wewe ndiye uliyenipeleka shule watu wakikusimanga, na sijasahau. Nitakuja Idi. Nitakula pilau ya mama, na siku ya tatu nitarudi kazini. Mkwiro sipelekwi, hata wazee wote wa Bongwe wanishike mikono na miguu.

Mpwao,
Mwanapili

Bongwe, 8 Februari 1964

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti limevimba, na sababu utaisoma hapa chini.

Barua yako ilinikasirisha. Niliitia mfukoni siku nne, sikumsomea mtu. Kisha nikamkumbuka marehemu mjomba wangu. Mwaka wa arobaini na mbili chifu alikuja kwake kutaka kijana wa kwenda vitani. Mjomba akanyamaza kwa hofu, ikaandikwa kwamba amekubali, nikapelekwa Bama kupigana na Wajapani. Nimemlaumu miaka yote hii, naye yuko kaburini. Na sasa mimi nimekufanyia wewe lilelile.

Jumanne nilikwenda Mkwiro mwenyewe na zile kanga, na safari hiyo ndiyo iliyolivimbisha goti. Chande hakunikaribisha hata barazani. Wazee wa hapa wameacha kuitikia salamu zangu. Na waache! Nimewaambia kosa ni langu na posa imevunjika. Njoo Idi, ule, urudi kazini kwako.

Liko jingine. Jana nilimsomea mamako barua yako. Akanitaka niirudie tangu mwanzo, nikairudia. Akasema, "Kaka, na mimi siku ile nilipoposwa, nani aliniuliza?"

Mwanapili, siku ile nilikuwepo. Nilikaa na wanaume nikanywa kahawa yao. Na jana aliponiuliza nikainamisha kichwa, nikanyamaza. Mamako akasema kimya changu hakitaki, anataka jibu. Leo amekuja tena tangu asubuhi, na ninavyokuandikia hivi amesimama mlangoni.

Mjombao,
Sefu