Ute Umeachia

Jumanne, 4 Februari

Vidonge vimefika! Daktari Halpin kanichorea mapafu: yana vijinywele vinavyofagia vijidudu nje. Vijinywele vyangu ni vizima – ila ugonjwa huu niliozaliwa nao umevigandisha kwenye ute mzito kama gundi. Vijidudu vinatulia humo, askari wa mwili wanavishambulia, na wakipigana wanaiunguza nyumba yao wenyewe. Ndio huo uvimbe wa mapafu. “Vidonge vitalainisha ute,” kasema. “Ufagio unao tayari.” Mama kalia ndani ya gari. Eti upepo. Upepo gani, na vioo vyote vimefungwa!

Jumatano, 5 Februari

Kidonge cha kwanza, kwa chai na mkate wa soda aliooka Mama. Kabla ya adhuhuri – lo! Makohozi yanakuja yenyewe. Ya kijani, ya kahawia, mabonge. Beseni zima! Mama mlangoni: “Yesu na Maria, yote hayo yalikuwa humo?” Tumecheka hadi tukashika mbavu. Alikuwa amekuja kunipiga mgongo kuyalegeza, kama kila asubuhi. Viganja tayari kavikunja. Hakujua avipeleke wapi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimepanda kilima cha kanisani bila kusimama. Bila kusimama! Nimenusa mwani wa pwani. Nimenusa na samadi ya ng'ombe wa jirani. Tamu!!

Jumapili, 9 Februari

Sijamwambia Fiachra. Rafiki yangu tangu wodi ya watoto, ugonjwa mmoja – na hatujawahi kushikana mkono. Sisi huambukizana vijidudu, kwa hiyo ni kioo cha dirisha na simu tu. Yeye alirithi aina nyingine ya ugonjwa huu. Vidonge hivi havimfai. Alishaambiwa.

Leo kapiga. Kakohoa weee, mpaka nikasogeza simu mbali. Halafu utani wetu wa siku zote: “Haya, Muireann, zamu yako. Tusikie mziki.”

Nikakohoa. Yaani nikajikohoza. Kwa nguvu zangu zote!

“Hicho kikohozi si chako,” akasema. “Chako nakijua. Hicho ni cha mtu mwenye afya.”

Nikasema mtandao mbovu, nikakata. Mjinga mimi!

Nimekaa ngazini. Napumua hadi chini kabisa, kwa wepesi, na hata sasa moyo unanirukaruka kwa raha – aibu gani hii. Simu inaita tena. Mama kutoka jikoni: “Pokea basi, mtoto wee, si Fiachra huyo?” Inaita.