Kimpira Juu ya Maneno

Jumatatu, 4 Machi
Nimeshinda soko la jumla la Zhanqian Road, huku ugenini, nikinunua mashati ya watoto. Miguu inawaka. Hamisi, mshirika wangu, katua leo kutoka Dar na kifurushi changu. Ni mkebe wa filamu, wa tangu enzi babu akionyesha sinema Tanga. Tangazo la sabuni, la katuni. Mama Mkubwa anasema mama ndiye aliyeliimba. Mama alinizaa, akafa. Sauti yake siijui. Kesho naupeleka kwa fundi wa kunakili filamu.

Jumanne, 5 Machi
Mkebe haupo! Hamisi aliuacha stoo, umefungwa kanga, juu ya jinzi zetu za Xintang. Wapakiaji wameuchomeka kwenye kontena. Ndiyo kawaida yetu wafanyabiashara: pengo haliachwi, hata ndala hupenyezwa. Na mimi ndiye huwapigia kelele wajaze. Linafungwa kesho. Joto la njiani litaipika filamu. Nimemtukana Hamisi.  

Jumatano, 6 Machi
Bosi wa stoo kagoma kufungua. "Bu xing, bu xing!" Kwa Kichina chake, haiwezekani. Nikakaa chini mlangoni pa kontena, mwanamke mzima, na baibui langu. Hamisi akavua shati, akaanza kushusha marobota bila ruhusa ya mtu. Bosi anafoka, wapagazi wanacheka. Mkebe ulikuwa ndani kabisa. Nimelia mbele za watu. Meli imetuacha. Wateja watanisema. Waseme.

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kaunusa mkebe, kakunja uso. Filamu inanuka siki, imesinyaa. Itapita kwenye mashine ya kunakili mara moja tu. Ikikatika, basi. Nimemwambia apitishe. 

Ijumaa, 8 Machi
Haikukatika. Kipande cha sabuni chenye miguu kinacheza. Chini maneno, na kimpira kinaruka juu ya kila neno ili ukumbi uimbe. Kinanda kinalia. Hakuna anayeimba! Nimempigia Mama Mkubwa kwa hasira.
"Kha! Sauti haikutiwa humo, mwanangu. Mama yako alisimama kando ya pazia, akiongoza watu."
Basi haipo. Popote. Nimelala na baibui.

Jumapili, 10 Machi
Mvua. Sokoni sikwenda. Nimempigia Mama Mkubwa kwa video, nimwonyeshe nakala aliyonipa fundi. Kimpira kikaanza kuruka. Sikuweza kuvumilia. Nikaimba mimi, kwa sauti yangu hii ya kubishania bei. *Povu, povu, nguo ziwe nyeupe.* Alinisikiliza hadi mwisho.
"Hapo kwenye nyeupe mama yako alikuwa akivuta sauti."
Nikarudisha nyuma. Nikavuta.
"Zaidi kidogo, mwanangu."