Uliza, Halafu Nyamaza

Kalemie, Novemba 1978

Papa Kabulo, mupenzi wangu wa huko Manono,

Tuko wazima. Mutoto wetu Kabulo ameota meno, na samaki wa mikebuka wamejaa sokoni. Lakini sikia habari ya masomo! Konseye, ule mukubwa anayesaidia walimu, alikuja kukaa nyuma mu klasi yangu. Nikafikiri atanigombeza. Kumbe akaniambia polepole: "Mama, kila swali unalouliza, unajijibu mwenyewe. Uliza, halafu nyamaza."

Leo nikauliza: "Mvua inatoka wapi?" Nikafunga kinywa. Kimya! Ulimi ukaniwasha. Halafu mutoto mumoja, jina lake Mujinga, asiyesema neno hata siku moja, akasimama: "Mwalimu, ni kama mufuniko wa chungu cha maharagi. Maji yanapanda, yanagonga juu, yanadondoka." Papa Kabulo, nilitaka kucheza pale pale!

Kisha nikakumbuka barua zangu. Kila mara ninakuuliza utarudi lini, halafu ninajijibu mwenyewe: kazi ya mugodi ni nyingi, treni imeharibika.

Leo sijijibu. Utarudi, ao hapana?

Nimefunga kinywa,
Mama Kabulo