Waliokuambia "Haitufai"

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, miaka tisa nyuma, ndipo mambo yalipoharibika, mke wangu, na siku hiyo tulirudi nyumbani tunacheka. Wifi yako alikuwa amejifungua kwa upasuaji, tukaenda kumtolea damu. Yangu wakaipokea. Wewe yule wa maabara akakuambia, "Mama, yako haitufai. Nenda kapumzike." Ukamuuliza, "Ina nini?" Akaita, "Anayefuata!"

Njiani ukasema, "Damu yangu ina kiburi, haitaki kuingia kwa mawifi." Ikawa utani wa nyumba. Wifi yako alipopona akaanza kukuita Kiburi, na jina likakaa.

Ni mwaka sasa tangu tukuzike, Kiburi. Cherehani yako ipo pale pale dirishani. Ulishona sare za shule huku unaimba vibaya, pini mdomoni. Pindo uliliacha nene, mtoto akirefuka mzazi afumue tu, asinunue nyingine. Mafundi wenzio wakasema unaua biashara. Ukawajibu, "Kwani watoto nitawakataza kukua?"

Tumbo lilipovimba, daktari mmoja kijana ndiye aliyetuambia wazi: ni homa ya ini B, umekaa nayo miaka, na sasa ini limeingiwa na saratani. Akasema mtu akijulikana mapema hufuatiliwa, hupimwa ini, akihitaji hupewa dawa. Ukamwambia, "Kumbe mimi nilishajulikana, mwanangu." Kijana wa watu akainamisha kichwa. Wakubwa wake hawakuinamisha chochote. Walisema waliohusika walishahama, tumwachie Mungu. Mungu tunamwamini, lakini Jumanne ile zamu haikuwa yake.

Sasa sikia. Sote tumepima. Mimi na watoto wetu wakubwa wawili tuko salama, tumechanjwa. Kitinda mimba wako anayo. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya siku ile. Wangesema, angekingwa kwa chanjo siku hiyo hiyo ya kuzaliwa. Usishtuke. Ana afya, anakimbia kutwa. Kila miezi sita nampeleka, na sitoki mpaka nielezwe kwa maneno yaliyonyooka damu yake inasema nini. Juzi mhudumu kaniambia, "Mzee, unatuchosha." Nikamwambia, "Bado, hamjachoka."

Na jirani anayemtengea mwanetu kikombe aelewe: ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe. Aje anywe chai kwetu, au akae na ujinga wake.

Sketi uliyomshonea ndiyo anayovaa, na pindo bado lipo la kufumua. Huyu hawampati, hao wa "haitufai".

Unakumbukwa na mimi mumeo, fundi baiskeli, wanao watatu, wifi yako na mtoto wake wa siku ile, na mafundi wenzio, ambao siku hizi nao wanaacha pindo nene. Hatukusahau, Kiburi, na hatunyamazi.

Nanyi mliokuwa zamu Jumanne ile, tunawauliza hapa mbele za watu: wengine wangapi mliwaambia "haitufai", na leo wako wapi?