Baba, Nani Alimfundisha Kumwaga Mashapo?

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, na siwezi kuanza kukusema kabla ya kukuamkia. Maana leo nina maneno na wewe.

Unaikumbuka ile filamu yako ya kauboi? Uliiona kwanza sinema, Unguja, ukiwa kijana. Huku Oman, hapa Ibra, ukaitafuta mpaka ukaipata kwa kaseti, na mwishowe nikakutilia kwenye simu. Kauboi anazurura na farasi wake, anafika kwenye bonde ambamo tajiri mmoja ameuzungushia mto seng'enge ili ng'ombe wa wenziwe wafe kiu, basi bunduki zinalia mpaka mwisho. Wewe ukicheka peke yako.

"Wajinga hawa! Wangekuwa na falaji, mfereji wa kijiji kizima, na arifu wa kuwagaia zamu za maji, wangeuana kwa lipi?"

Na kauboi mwenyewe hukumwamini hata chembe. "Mwanamme mzima hana kwao, hana watu. Kila akiulizwa atokako anatizama kofia. Huyo ana jambo." Hivyo ndivyo ulivyonifundisha kushuku watu, Baba. Sasa zamu yako imefika.

Ulimshuku, lakini kitu kimoja ulimuiga. Akimaliza kahawa yake huzungusha mkono na kuyarusha mashapo mchangani, nyuma ya bega. Watu wote hapa Ibra wakitosheka hukitikisa kikombe na kumrudishia aliyewatilia. Wewe ulirusha, hata kwenye harusi za watu, na Mama akiona haya: "Mtu na mvi zake anajifanya kauboi!" Niliamini kwamba Oman nzima hakuna mwingine wa namna yako.

Siku ya mwisho ya azaa, matanga yako, ukumbi wa sabla umejaa wanaume, akaingia mtu nisiyemjua, amenizidi umri kidogo. Akanipa pole, akakaa karibu na mlango, akatiliwa kahawa. Alipoimaliza akazungusha mkono. Mashapo yakaruka nje, juu ya viatu vya watu.

Watu wakamcheka kidogo, wakasahau. Mimi nilimfuata alipokuwa akitoka.

"Min wein, akhui? Umetoka wapi, ndugu yangu?"

"Birkat al Mauz. Naitwa Nasor. Marehemu alikuwa akinijua, Allah yarhamu."

"Akikujua vipi?"

"Zamani, wallahi. Zamani." Na akaanza kuiweka sawa kofia yake.

Tangu hapo sikulala vizuri. Nilianza kukukagua, Baba, na wewe umo kaburini. Zile Ijumaa ukienda Nizwa soko la mbuzi, mbona ukirudi bila mbuzi? "Leo ghali," ukisema, na huku nyuma ya gari upo mkungu wa ndizi. Njia ya Nizwa inapita Birkat al Mauz, na kijiji kile ni migomba mitupu. Mama akizipokea, akizipika kwa nazi, nawe ukila umeinama. Na kwa nini, kila kauboi alipofunga tandiko ili awaache wale waliomzoea, uliinuka kwenda kutazama pampu ya maji? Nimeitazama filamu ile mara nyingi kuliko wewe, kwa sababu mwisho wake wewe hukuuona hata mara moja.

Nikamshuku na Nasor. Shamba letu la Samad Ash Shan, mitende yake na zamu yake ya maji, nalishughulikia mimi, kifungua mimba wako. Nikajiuliza huyu kajaje mara tu tulipokwisha kukuzika. Nilijiona nimekuwa yule tajiri wa filamu na seng'enge zake, na sikuona haya. Nikaapa pia kwamba Mama asisikie habari hii, isije ikamvunja moyo juu ya msiba.

Ijumaa iliyopita akapiga hodi, na mkungu wa ndizi begani. Nikamkalisha majlisi na kuufunga mlango wa ndani. Mama yumo edani, haonani na mwanamume yeyote asiye maharimu wake. Hata Ami Seif, ndugu yako tumbo moja, humwamkia kwa nyuma ya mlango. Wanaomwona ni ndugu zake yeye na wana wako wewe, basi.

Nikamtilia kahawa, nikamuuliza waziwazi. "Umekuja kwa ajili ya shamba?"

"La, akhui. Nimekuja kumuona mama."

"Mama haonani na wanaume wa nje," nikamwambia, na hasira imenipanda mpaka masikioni.

Akamaliza kahawa yake, akageukia dirishani, akarusha mashapo. Ndipo nikasikia kitasa.

Mama alitoka na kanga zake za ndani, bila buibui. Nikainuka kumzuia, akanipita kana kwamba mimi ni kiti. Akakaa mbele ya Nasor, uso kwa uso, akamtazama sana.

"Umekuwa mtu mzima, mwanangu. Ndizi zako nimezila miaka. Mamako hajambo?"

Nasor akambusu kichwa, akalia kwa sauti. Mimi nimeganda na dele la kahawa mkononi. Mama akanigeukia.

"Unangoja nini? Mtilie kakako kahawa."

Nimekukasirikia, Baba, sikufichi. Mama alijua, na mtu wa Birkat al Mauz alijua, na mimi niliyekukata kucha ukiwa mgonjwa ndiye uliyeniachia kugundua kwa mashapo ya kahawa. Ungeniambia, ningenuna wiki, kisha ningekupeleka mwenyewe kwa gari. Nina hamu nawe kiasi kwamba nilipomwona akizungusha mkono mara ya pili, nilitamani kahawa ile isingekwisha.

Ijumaa ijayo tutakwenda Samad pamoja, akaione mitende. Pumzika, Baba. Pampu nitaitazama mimi.

Mwanao,
wa pili.